Anakoroma, hazinduki: maswali yenu kuhusu kuzidiwa na unga

SWALI: Assalaam aleikum. Mwanangu anatumia unga (heroini). Nimeambiwa akikoroma sana usiku huenda kazidiwa, si usingizi. Nitatofautishaje? Na maziwa yanasaidia?
Mama, Jang'ombe

JIBU: Waaleikum salaam, mama yetu. Aliyelala huitwa akaamka. Mwite jina lake kwa sauti, kisha msugue kwa nguvu katikati ya kifua, kwenye mfupa, kwa vifundo vya ngumi. Mwenye stimu tu, yaani aliyelewa unga bila kuzidiwa, ataguna au atasukuma mkono wako. Aliyezidiwa hajibu kitu.

Hapo tazama kifua na uhesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikipita zaidi ya sekunde tano kabla ya pumzi nyingine, yuko hatarini. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano. Mfunue mdomo wa chini uangalie ndani, maana kwa ngozi zetu rangi ya majivu huonekana hapo na kwenye kucha kabla ya usoni. Na huo mkoromo mzito, wenye sauti ya maji kooni, ni ulimi uliolegea ukaziba njia ya hewa. Wengi wamefia kitandani watu wa nyumbani wakidhani wamepata usingizi mzuri.

Unga huilaza ile sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua. Moyo husimama baadaye, kwa kukosa hewa. Kwa hiyo anachotaka kwanza ni pumzi. Maziwa kwa asiyejitambua huingia mapafuni. Sindano ya maji ya chumvi haimzindui mtu, na makofi na ndoo za maji hupoteza dakika ambazo hamnazo.

Mmoja akimbilie gari. Mwingine amlaze chali, ainue kidevu, abane pua, apulize mara mbili, kisha pumzi moja kila sekunde tano. Kifua kisipoinuka, kichwa hakijarudi nyuma vya kutosha au mdomoni mna kitu. Akiwa hapumui kabisa na hana dalili yoyote ya uhai, anayejua kukandamiza kifua aanze: mara 30, pumzi mbili, bila kusita.

Dawa ya kumzindua inaitwa naloksoni. Ulizeni kliniki ya methadoni (dawa wanayopewa watumiaji badala ya unga) ya Kidongo Chekundu, Unguja, iliyoanza mwaka 2015, au hospitali iliyo karibu nanyi, jinsi ya kuipata na kufundishwa. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri iwafikie hata jamaa na marafiki wa watumiaji, nasi tunaona ndivyo inavyopasa. Ampuli ya miligramu 0.4 hupigwa yote kwenye msuli wa paja, upande wa nje, hata juu ya nguo ikibidi. Endelea kumpulizia dakika mbili au tatu; asipopumua vizuri, piga ya pili. Lengo ni apumue, si asimame na kuzungumza. Dozi kubwa ya mkupuo mmoja humwamsha na alosto kali (maumivu ya kukosa unga), akatapika, akagombana na kutaka kurudi maskani, kijiweni wanakotumia.

SWALI: Akishazinduka tumwache apumzike?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Msimwache. Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90 tu, na unga uliobaki mwilini unaweza kumrudisha alikotoka. Mlazeni ubavu, goti la juu likunjwe, na mtu akae naye si chini ya saa mbili. Kama ni methadoni, inayokaa mwilini siku nzima na zaidi, hospitali ni lazima. Naloksoni haiondoi Valiamu (dawa ya usingizi) wala pombe, na tramadoli (dawa ya maumivu) huiondoa kwa sehemu tu. Aliyechanganya pia apelekwe hospitali.

SWALI: Vijana wa shehia yetu wanataka kuweka kumbukumbu za wanaozidiwa. Tuandike nini?
Katibu, Wete

JIBU: Ndugu yetu, huko Marekani kuna ramani ya namna hiyo, ODMAP, iliyoanza 2017. Polisi na watu wa gari la wagonjwa huingiza mahali, saa, kama mtu amekufa au yu hai, na kama alipewa naloksoni. Matukio ya saa 24 yakipita kiwango kilichowekwa, wahusika hupata taarifa. Kwetu anayefika kwanza ni mwenzake wa maskani au jirani, na ramani hiyo haiwezi kumwona. Maiti naye huzikwa siku hiyo hiyo, familia ikasema ni kifo cha ghafla. Mkingoja hesabu ya hospitali, mtakuwa na sehemu ndogo tu.

Daftari moja linatosha. Kila tukio mstari mmoja: tarehe na saa, eneo (mtaa, si nyumba), mwanamume au mwanamke, umri kwa makundi ya miaka kumi, alitumia nini na kwa njia gani, alichanganya na nini, alipuliziwa au hakupuliziwa, ampuli ngapi, alizinduka baada ya dakika ngapi, alipelekwa wapi, mwisho wake. Ongezeni safu moja tunayoithamini kuliko zote: je, alikuwa ametoka Chuo cha Mafunzo (gerezani), soba (nyumba ya kuachia unga), au amejizuia Ramadhani? Mwili uliopumzika husahau dozi ya zamani, na anayerudia kete (vipakiti vya unga) zile zile ndiye anayeanguka.

Msiandike jina. Tukio moja litasimuliwa na watu watatu, kwa hiyo linganisheni saa na mtaa kabla ya kuongeza mstari. Andikeni "inashukiwa" mpaka mhudumu wa afya athibitishe. Wakianguka wawili au watatu siku moja mtaa mmoja, huenda mzigo, yaani unga unaouzwa, umebadilika. Pelekeni habari maskani siku hiyo hiyo, mwambieni kila mmoja asitumie peke yake na aanze na kidogo.

Daftari likae kwa mhudumu wa afya, si kituo cha polisi. Siku mtu mmoja akikamatwa kwa sababu ya mstari wa daftari hilo, hakuna atakayeita msaada tena, na kurasa zitabaki tupu huku watu wakiendelea kufa.