Maswali yenu: hataza, taka na mashine zinazojifunza

Nataka kufundisha kompyuta itambue hataza (patent, haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) zinazohusu kurejeleza taka. Nimeandika "recycle" kwenye Google Patents, zimekuja maelfu kwa maelfu. Nizilishe zote kwenye modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano? (Mwanafunzi, Morogoro)

Swali hili haliishi, na jibu halibadiliki: soma hataza kumi kabla hujapakua elfu kumi. Mhandisi wa kemia akiandika neno hilo, mara nyingi anasema gesi ambayo haikutumika irudishwe mtamboni kwa bomba. Hapo hakuna chupa iliyookotwa jalalani. Ukiandika "circular" ukitafuta uchumi wa mzunguko, yaani kutumia vitu tena badala ya kuvitupa, ndiyo balaa zaidi, utaletewa misumeno ya duara. Anzia kwenye alama za CPC, uainishaji wa ofisi za hataza za Ulaya na Marekani: Y02W ni taka na majitaka, B29B 17 plastiki chakavu, H01M 10/54 betri zilizokwisha. Kisha chagua hataza zenye maneno hayohayo lakini zisizohusu taka, uifundishe modeli kwamba hizo sizo. Wengi mnaruka hatua hii kwa sababu inachosha.

Modeli yangu inapatia kwa asilimia 95. Nichapishe?

Kama 95 kati ya kila hataza 100 ulizoipima nazo hazihusu taka, hata modeli inayojibu "sizo" mchana kutwa itapata 95. Niambie kwanza imekosa ngapi kati ya zile tano.

Mbona grafu yangu ya hataza za kila mwaka inaporomoka miaka miwili ya mwisho?

Haiporomoki. Ombi la hataza huchapishwa miezi 18 hivi baada ya kuwasilishwa, kwa hiyo ya karibuni bado huyaoni. Kata grafu kabla ya miaka hiyo miwili, na tafadhali msiniulize tena.

China imetuacha mbali sote kwa hataza hizi, sivyo?

Inategemea umehesabu nini. Hataza ndogo za kule hazipitii uchunguzi mzito kama hataza kamili, zitenge. Halafu hesabu familia: uvumbuzi mmoja ulioombewa nchi tano ni uvumbuzi mmoja.

Ramani yangu ya hataza inaonyesha Afrika Mashariki tupu. Hatubuni? (Mombasa)

Ramani yako inaonyesha nani ana pesa ya wakili. Fundi anayechomoa kioo na betri kwenye simu tatu mbovu akatoa moja nzima hajawahi kujaza fomu ya hataza, wala anayekata tairi la lori kuwa makatambuga. Mashine haiwezi kujifunza kisichoandikwa, na watunga sera wanaobeba ramani hizi kwenda kugawa fedha wangeambiwa hivyo mapema.

Lakini igeuze kazi hiyo: zitumie hataza kutafuta mbinu za kuiga. Hataza hulinda pale tu iliposajiliwa. Mbinu ya kusaga plastiki iliyosajiliwa Ujerumani, isiyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili Tanzania Bara, wala kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, kwa kuitaja Tanzania, unaweza kuitumia Tanzania Bara bila kumlipa mwenyewe. Maelezo yake yote yako Espacenet, hazina ya hataza ya mtandaoni ya Ofisi ya Ulaya, bure, pamoja na michoro. Bidhaa tu usiipeleke Ujerumani.

Na wewe mwenye mashine yako mpya: usiirushe TikTok kabla ya kuwasilisha ombi. Ofisi ya Ulaya itakukatalia kwamba si jipya tena, na ushahidi utakuwa video yako mwenyewe.