Supavaiza kaniandikia "recontextualize", nifanyeje?

SWALI: Nasoma masta hapa Mombasa, naandika juu ya leso, yani kanga. Supavaiza kaandika "recontextualize" kando ya nukuu moja, nikabadilisha maneno ya ile nukuu, akanirudishia imejaa wino mwekundu. Hili neno lina maana gani?

JIBU: Pole dadangu, lakini hapo supavaiza ana haki. Mie kazi yangu ni kutafsiri na naona wengi wakiona hio "re" ya mbele wadhani ni kuandika upya. Sio. Nukuu haiguswi hata herufi, kinachobadilika ni pale ilipokaa, yani unaitoa ilikokuwa unaiweka kwengine, na huko kwengine inaanza kusema jambo jengine.

Na wewe mfano unao kabatini. Leso imeandikwa "Nani kama mama", binti akimpa mamake ni shukrani, sivyo? Sasa leso hio hio aivae mama mkwe siku mkaza mwana anahamia, apite nayo uani mara tatu bila kusema neno... hio ni vita! Na rangi ni ile ile, maandishi ni yale yale.

Au Fort Jesus, Wareno walianza kuijenga 1593 iwe ngome ya vita, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958, leo ni makumbusho na mizinga watu wapigia picha. Hapo utasema makumbusho ime-recontextualize mizinga.

Kwa matumizi, hiki kitenzi chataka kitu cha kukipokea, hakisimami peke yake. Ukikifuatisha na "as" unasema kitu sasa kinaonekana kama nini, ukiweka "within" unasema kimeingizwa wapi. Usikichanganye na "decontextualize", hio ni kung'oa bila kupanda pengine, ndio zile klipu za wanasiasa za sekunde kumi. Mkazo uko kwenye "teks", kama teksi.

Kwa Kiswahili sema tu "kuipa muktadha mpya", tusijitungie "kumuktadhisha upya" likatukwama kooni.

Kwa hivyo rudisha maneno ya nukuu kama yalivyokuwa, kabla yake useme nani alisema, akimwambia nani na lini, alafu baada yake ueleze kwa nini umeileta kwenye mambo ya leso wakati mwenyewe pengine hakuwa akizungumzia leso kabisa. Hio sehemu ya mwisho ndio supavaiza anaingojea.