Anayetimka Hafungi Virago

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri, bado najifunza kazi. Katika hadithi moja ya Kiingereza nimekutana na kitenzi "skedaddle". Kamusi yangu inasema "toroka". Nimeandika hivyo, lakini sentensi imenuna, maana wanaoondoka ni watoto waliokutwa juu ya mti wa jirani. Neno hili lina maana gani hasa, na limetoka wapi?
– Mfasiri Mchanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sikio lako limeishinda kamusi yako. Kosa hilo nililifanya kabla yako: bibi mmoja hadithini aliwaambia wajukuu zake "skedaddle!", nami nikaandika "Torokeni!" Mhariri akapiga mstari mwekundu na kuuliza pembeni, "Kwani bibi amewafunga?"

Anayetoroka ana kifungo, deni au bwana nyuma yake, na mara nyingi amekwisha kupanga safari. "Skedaddle" haina mpango. Miguu imeamua kabla ya kichwa. Tena ndani yake mna kicheko: anayelitamka neno hili anamcheka anayekimbia.

Kicheko hicho ni cha vitani. Neno lilivuma Marekani mwaka 1861, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipoanza. Agosti mwaka huo gazeti la New York Tribune lililitumia, likaona lazima liwafafanulie wasomaji: ndivyo vijana wa Kaskazini wanavyosema waasi wa Kusini wanapoitumia vizuri miguu yao wakati wa hatari. Na walikuwa na uso mkavu, hao wachekaji! Tarehe 21 Julai, wiki chache tu nyuma, ni jeshi la Kaskazini lililotimua mbio kule Bull Run, Virginia, likitupa bunduki na mizigo njiani, huku limechanganyikana na watazamaji waliotoka Washington kwa magari ya farasi, vikapu vya chakula mkononi, kuja kushuhudia ushindi. Mbio zile nazo zikaja kuitwa Skedaddle Kuu.

Kisha neno likahamia kwa waliokwepa kuandikishwa jeshini. Sheria ya Kaskazini ya mwaka 1863 ilimruhusu mtu kulipa dola 300 ili asamehewe, au kumtafuta wa kwenda badala yake. Wasio na fedha hizo, baadhi yao walivuka mpaka kuingia Kanada. Huko New Brunswick kuna mahali panaitwa Skedaddle Ridge kwa ajili ya watu hao.

Asili yake wanazuoni wanaigombania mpaka leo. Wapo waliokimbilia Kigiriki, wakakuta "skedannumi", yaani kutawanya. Linafanana, nakubali, ila sioni askari wa mashambani akichota tusi lake kwenye Kigiriki. Wengine wakaenda Ireland. Mimi naegemea lahaja za Scotland na za kaskazini mwa Uingereza, ambako neno la namna hiyo lilitumika kwa kumwaga kitu, kama maziwa yanayoruka ndooni mbebaji akienda kwa pupa. Hebu lione jeshi likimwagika hivyo barabarani.

Usilichanganye na "absquatulate", ambalo nalo ni kuondoka ghafla lakini lina umri zaidi. Hilo ni mzaha wa Wamarekani wa miaka ya 1830, waliopenda kuyavisha maneno yao joho la Kilatini: mtu alikuwa amechuchumaa, sasa ameacha kuchuchumaa.

Sasa turudi kwenye mti wako. "Kuingia mitini" hapana, huko ni kujificha, na watoto wako ndio kwanza wanashuka mtini, msomaji atachanganyikiwa. "Kufunga virago" pia hapana, kwa kuwa mwenye nafasi ya kufunga virago hajatishika. "Kutawanyika" kungempendeza Mgiriki, lakini hakuchekeshi. Mimi ningeandika: "Wakatimka, mguu niponye!" Na ikiwa mwandishi amewaachia kiatu kimoja chini ya mti, usithubutu kukiruka.

Bibi yangu je? Katika toleo la pili anasema, "Hebu nitokeeni hapa!"