Maswali ya Wasomaji: Siku ya Mwaka Makunduchi na Vyakula Vyake

Tulipotangaza kwamba ukurasa huu ungezungumzia sherehe za msimu vijijini, hatukutarajia kwamba barua nyingi zingeelekea mahali pamoja. Zimeelekea Makunduchi, kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, ambako kila mwaka watu huadhimisha Mwaka Kogwa, yaani sherehe ya mwaka mpya. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu Mhariri, miaka michache iliyopita nilikwenda Unguja mwishoni mwa Julai kwa kufuata tarehe niliyoikuta katika kitabu cha zamani cha wasafiri, nikaambiwa kwamba sherehe imekwisha kupita. Je, Mwaka Kogwa una tarehe maalumu? Na ikiwa asili yake ni Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waajemi, kwa nini haufanyiki mwezi Machi kama kule Iran?
*Msomaji, Dodoma*

Ndugu yetu wa Dodoma, kitabu chako huenda kilikuwa sahihi kilipochapwa. Mwaka wa Nairuzi uliotumiwa na watu wa pwani na visiwani ni mwaka wa jua wenye siku 365 kamili, usioongezwa siku moja kila baada ya miaka 4 kama tunavyoiongeza Februari. Kwa hiyo siku ya mwaka hurudi nyuma kwa siku moja hivi kila miaka 4, na katika muda wa karne moja huwa imerudi nyuma kwa zaidi ya wiki tatu. Siku hizi huangukia ndani ya mwezi wa Julai, lakini ukipiga hesabu kurudi nyuma utaona kwamba mzee aliyeishi katika miaka ya 1850 aliiadhimisha Agosti ikielekea ukingoni. Wairani wao hurekebisha kalenda yao ili Nairuzi ibaki tarehe 20 au 21 Machi, wakati usiku na mchana vinapolingana. Waparsi wa India, ambao nao hawakuongeza siku hiyo, wengi wao huadhimisha mwaka wao mpya mwezi Agosti, nao hakuna anayewauliza kwa nini wameiacha Machi.

Kalenda hiyo haikuwekwa kwa ajili ya sherehe peke yake. Kuanzia siku ya mwaka, wazee walihesabu siku kumi kumi, na kila kumi wakaliita mwongo. Miongo 36 pamoja na siku 5 za nyongeza ndiyo mwaka mzima. Mwezi mwandamo, tunaoutumia kwa Ramadhani na Idi, hauwezi kumwambia mkulima lini asafishe konde wala kumwambia nahodha lini upepo utageuka, kwa sababu unazunguka misimu yote. Mkulima wa mtama na baharia wa jahazi walihitaji hesabu inayokwenda na jua, na walipotaka kujua masika iko umbali gani waliuliza ni mwongo wa ngapi. Hata hesabu hiyo ilitaka uangalizi, kwa kuwa ilisogea kidogo kidogo, lakini katika umri wa mtu mmoja tofauti ilikuwa ya wiki mbili hivi tu.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue tiketi kabla ya kuuliza. Tarehe hutangazwa Zanzibar siku zinapokaribia, na mwenyeji yeyote wa Makunduchi atakueleza. Ukifika mapema, si hasara: desturi ni kusherehekea kwa siku 4, na nyumba zinakuwa katika maandalizi kabla ya hapo.

Mheshimiwa Mhariri, picha zote ninazoziona za Mwaka Kogwa ni za vijana wanaopigana kwa mabua ya migomba na kibanda kinachoungua. Hakuna anayetuonesha chakula. Watu hao wanakula nini siku hiyo? Mimi ni mama lishe na jambo hili linanihusu.
*Msomaji, Morogoro*

Mama yetu, umeuliza swali ambalo wapiga picha wamelikosa kwa miaka mingi. Mapigano yenyewe, baina ya vijana wa upande wa kusini na wa kaskazini, hayachukui muda mrefu, na maana yake ni kuyamaliza manung'uniko ya mwaka uliopita ili yasivuke kwenda mwaka mpya. Kibanda cha makuti nacho huungua kwa dakika chache, watu wakautazama moshi unaelekea wapi. Wanawake, waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote, huzunguka wakiimba nyimbo ambazo baadhi yake zinawasema wanaume bila huruma. Baada ya hapo watu hurudi majumbani, na hapo ndipo penye kazi iliyoanza tangu jana yake, kwa kuwa imani ya wenyeji ni kwamba nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka haianzi vizuri. Chakula hupikwa kwa hesabu ya watu ambao bado hawajafika.

Ili uelewe kinachopikwa, lazima ujue ardhi na bahari ya huko. Makunduchi ipo katika eneo la maweni, yaani nchi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mchache uliojificha katika mashimo na nyufa. Huko hakuna bonde la mpunga linalotosha, ila muhogo, mtama, mbaazi, kunde, choroko na viazi vikuu hustahimili. Wali wa nazi na pilau ndivyo vinavyotawala sinia la sherehe leo, lakini sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar hutoka nje ya visiwa, na kwa miaka mingi wali ulikuwa chakula cha heshima kilichongojwa. Chakula cha kila siku cha maweni kilikuwa bada, yaani ugali, la unga wa muhogo, makopa (muhogo mkavu) yaliyopikwa kwa nazi, choroko za nazi, na mkate wa mofa wa unga wa mtama. Ukikaribishwa katika nyumba yenye bibi mzee, omba kwa adabu uonjeshwe muhogo wa nazi kabla ya pilau. Pilau utaipata popote, hata hapo kwenu Morogoro.

Kuhusu kitoweo, kumbuka kwamba Julai ni kipupwe na upepo ni wa kusi. Pwani ya mashariki inaupokea upepo huo usoni, na bahari iliyo nje ya mwamba huchafuka, hivyo vyombo vidogo kama ngalawa hubaki zaidi ndani ya mwamba. Usishangae basi ukikosa jodari na nguru, ambao hupatikana kwa wepesi zaidi wakati wa kaskazi, ukawakuta tasi, changu na pweza. Pweza ndiye mwenye jina kubwa. Wanawake na vijana huwatafuta kwa miguu katika miamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za kuandama kwa mwezi, maji yanapotoka mbali na kuacha mwamba wazi. Kwa sababu hiyo, bei ya pweza kijijini hufuata mwezi: wakati wa bamvua hushuka, na maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki mbali, yanapoingia hupanda. Ikiwa siku ya mwaka imeangukia maji mafu, mwenyeji mwerevu huwa amekwisha kumnunua pweza wake mapema na kumkausha.

Jambo moja ninaloliona la maana kuliko hotuba nyingi za uhifadhi ni kwamba katika baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba, wananchi wenyewe hufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huifungua kwa siku moja inayojulikana na wote. Pweza hukua haraka sana, na anayesubiriwa miezi mitatu si yule aliyeachwa akiwa wa kiganja.

Kwa upishi: pweza asiyepigwa hupikwa asubuhi mpaka jioni na bado akakushinda meno. Mpige kwanza kwa mti juu ya jiwe, umwoshe, kisha umchemshe bila chumvi, kwa kuwa wapishi wa pwani wanasema kwamba chumvi ya mapema humkaza. Akilainika ndipo umkate, umuunge kwa vitunguu, tungule (nyanya), thomu (kitunguu saumu), tangawizi na bizari, umalizie kwa tui zito na ndimu, na moto uwe mdogo ili tui lisikatike.

Assalaam alaykum. Marehemu mama alikuwa mtu wa kusini Unguja, nami nimezaliwa na kukulia huku Muscat. Kila Julai ninajaribu kupika mkate wa kumimina kama alivyokuwa akituwekea siku ya mwaka, lakini wangu hutoka bapa, mgumu chini na mbichi juu. Ninakosea wapi? Na bokoboko nayo hupikwaje?
*Msomaji, Muscat, Oman*

Waalaykum salaam, binti yetu, na Mungu amrehemu mama. Dalili ulizozitaja zinaonesha matatizo mawili yanayotofautiana, na ukiyachanganya utaendelea kubadilisha hamira bila faida.

Ubapa unatokana na rojo. Mchele uroweke usiku kucha, siyo kwa saa moja, kisha uchuje maji yote kabla ya kuusaga pamoja na tui zito, hamira na iliki. Kwa vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja na robo cha tui kinatosha kuanzia, na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Usage mpaka ukilipitisha rojo baina ya vidole usisikie chenga hata moja, kwa sababu chenga hazishikani na povu la hamira haliwezi kuzibeba. Rojo liwe zito la kumiminika polepole. Wengi huogopa kuharibu mashine wakaongeza maji, na hapo mkate umekwisha kuharibika kabla haujafika jikoni. Liache liumuke mpaka lipande, lakini kwa joto la Muscat wakati wa Julai usiliache muda tunaouzoea Unguja wakati wa kipupwe, kwa kuwa litachacha upesi. Sukari na ute wa yai uliopigwa viingie mwishoni.

Ugumu wa chini na ubichi wa juu unatokana na moto. Mama yako alikuwa akiupalia, yaani aliweka makaa juu ya kifuniko baada ya chini kushika, kisha akapunguza ya chini. Wewe huna makaa, lakini unaweza kuiga mpangilio huo: pasha sufuria nzito yenye mafuta kidogo juu ya jiko, mimina rojo, na uangalie juu yake. Vitundu vikianza kutokeza na pembeni pakikauka, hamishia sufuria ndani ya joko kwa moto wa juu peke yake, uache mpaka uso uwe wa rangi ya dhahabu. Ukiuweka ndani ya joko tangu mwanzo, vitundu havitapata nguvu ya kupanda.

Kuhusu bokoboko uliyouliza mwishoni mwa barua, usihangaike. Waulize majirani zako, kwa kuwa harisi yao ya ngano na nyama ndiyo bokoboko yetu, na kwa chakula hicho sisi ndio tuliopokea kutoka kwenu.

Mhariri, kwa nini gazeti la heshima linapoteza kurasa kwa mambo ya ushirikina? Nairuzi si Idi, na Waislamu hawana sikukuu ya moshi.
*Msomaji, Mjini Unguja*

Hoja yako ni ya kweli kwa upande wa dini, na wapo masheikh wanaoisema hadharani. Watu wa Makunduchi ni Waislamu, wanaijua hoja hiyo, na wanajadiliana wao kwa wao. Wapo wanaohudhuria kila jambo, wapo wanaobaki nyumbani wakati wa kibanda na kupokea wageni baadaye, na wapo wasioshiriki kabisa. Gazeti hili halitoi fatwa. Linachoweza kusema ni kwamba kupatana na jirani uliyegombana naye, na kumlisha mpita njia, ni mambo ambayo hatujapata sheikh wa kuyakataza, nayo yanachukua sehemu kubwa ya siku hiyo kuliko moshi.

Ndugu Mhariri, sisi ni vijana sita tunaotoka Nairobi. Tumesikia kwamba mgeni hulishwa bure. Je, ni kweli, na tuje na nini?
*Msomaji, Nairobi*

Ni kweli kwamba mgeni hukaribishwa, lakini neno "bure" liacheni Nairobi. Watu sita wenye njaa ni mzigo kwa nyumba yoyote ya mkulima au mvuvi, hata kama mwenye nyumba hatawaonesha. Nunueni mjini sukari, mchele, majani ya chai na mafuta ya kupikia, mkabidhi kwa mama wa nyumba mnapoingia, siyo mnapoondoka, ili asidhani kwamba mnalipa. Kutoa fedha mkononi mbele ya watu ni kumvunjia mwenyeji heshima.

Kwa kawaida wanaume hula pamoja kwenye mkeka na wanawake upande wao, sinia moja kwa watu kadhaa. Nawa, kula kwa mkono wa kulia, na kula upande wako wa sinia. Ukishiba, usisimame ghafla ukawafanya wengine waone haya kuendelea. Mavazi yafunike mabega na magoti, kwa wanawake na kwa wanaume. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake wanapoimba, kwa sababu nyimbo hizo ni za kuambiana wao kwa wao na si kila mtu anapenda zisambae mitandaoni. Vileo msivilete kabisa.

Makunduchi ni takriban kilomita 65 kutoka mjini, na daladala zipo. Siku hiyo hujaa mapema, na za kurudi jioni hujaa zaidi, basi pangeni usafiri wa kurudi kabla hamjakaa kwenye mkeka. Na kwa kuwa mmetoka Kenya, mkirudi ulizeni wazee wa Lamu kuhusu ng'ombe aliyezungushwa mji mzima siku ya mwaka kabla ya kuchinjwa na nyama yake kugawanywa. Tutafurahi mkituandikia watakayowaambia.