Bajeti ya baiskeli na barabara Uingereza, 2020
Je, fedha za barabara na za baiskeli ziligawanywa nusu kwa nusu? Hapana. Mwaka 2020 serikali ilitenga pauni bilioni 27.4 kwa barabara kuu za England kwa miaka 5, na bilioni 2 kwa baiskeli na watembea kwa miguu: karibu 14 kwa 1. Ila hizo 27.4 zina matengenezo ndani yake, si lami mpya tu. La maana zaidi ni LTN 1/20, mwongozo wa serikali wa Julai mwaka huo kuhusu ujenzi wa njia za baiskeli: njia ya upande mmoja iwe angalau mita 2, nafasi ikibana sana 1.5, na pale magari ni mengi au yaendapo kasi itengwe kwa ukingo au kizuizi kingine. Mstari wa rangi peke yake haumlindi mtu. Gari likiegeshwa juu ya mstari, mwendesha baiskeli analazimika kutokea katikati ya malori.