Sifongo hai asitolewe majini

Je, sifongo hai, yule mnyama wa baharini afugwaye katika tangi la maji ya chumvi, anaweza kuinuliwa nje ya maji kwa dakika moja ya kusafisha tangi? Hapana, hapaswi hata kwa muda huo, kwa sababu hewa hunasa katika mifereji myembamba anayopitishia maji ili achuje chakula, na sehemu iliyoziba huweza kufa na kuoza. Mhamishe akiwa ndani ya bakuli lililozamishwa. Sisi wa Arusha, ambao maji ya chumvi tunayachanganya wenyewe nyumbani, tuangalie zaidi siku ya kubadili maji: wangu nimemweka chini kabisa ya tangi, nami hutoa maji kidogo kidogo ili kina kisishuke chini ya kilele chake. Wapo sifongo wa ufukweni wanaostahimili maji kupwa, lakini usimtarajie hivyo wa kununua.