Daftari zuri halingoji masika

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi mwezi wa nne, mvua ya masika inanyesha Tanga siku ya tatu mfululizo, nikaamua kusafisha juu ya kabati, nikakutana na daftari langu la jalada gumu, maua ya bluu, kingo za dhahabu na kautepe ka kuwekea alama. Nililinunua Dar nikiwa namaliza chuo, elfu kumi na nane, na kipindi kile hiyo ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani na chenji inabaki. Sikuwahi kuandika humo hata herufi. Kila nikilishika najiambia hili la kitu cha maana, bado kidogo. Basi nalifungua, kurasa zimeshikana, madoa ya njano kila pahala, na kwenye mgongo wa daftari wadudu walishakula gundi mpaka uzi unaonekana. Nikachukua peni nijaribu kuandika jina langu, wino ukatambaa pembeni kama mizizi ya mkoko.

Bi mkubwa akapita mlangoni akaniangalia. "Si lile ulisema unalitunza?" Nikamwambia ndio mama. "Haya. Umetunza." Akaenda zake jikoni.

Toka siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja, na ndo nataka kuwaambia wenzangu mnaopenda haya mambo ya karatasi na mapambo yake, wale ambao tunaingia duka la steshenari kununua bahasha moja ya kaki tunatoka na maka peni rangi sita na stika za vipepeo. Hapa pwani ukinunua kitu kizuri cha karatasi, kitumie. Bara huko kwenye baridi kavu labda unaweza kukiweka miaka ukakikuta kama ulivyokiacha, hapa hewa yenyewe ina chumvi na maji, usipokitumia wewe basi kitatumiwa na ukungu.

Mie kazi yangu ni mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mchana kutwa naandika misumari, mabati, nondo, simenti mifuko mingapi imetoka, kwa hiyo nikirudi nyumbani jioni nikakaa na karatasi ya rangi ya samli na peni ya wino wa kijani najisikia mtu mwingine kabisa. Shoga yangu mmoja ananiuliza kila siku faida yake nini. Yeye ana viatu jozi kumi na tisa, mie simuulizi.

Sasa kwenye kununua. Kosa kubwa ni kununua kwa macho. Karatasi inunuliwe kwa mkono, na nenda na peni yako mwenyewe mfukoni. Duka ninalokwenda mie liko Ngamiani, hapahapa Tanga mjini, nikifika namuomba yule kaka kakipande kamoja ka karatasi ileile iliyomo kwenye daftari, mara nyingi wana moja lililochanika wanakupa, naandika mstari kwa peni yangu, nageuza nyuma naangalia. Ukiona wino umetokea upande wa pili hilo daftari utaandika upande mmoja tu, yani umelipa kurasa mia unatumia hamsini. Mwanzoni alikuwa ananicheka, sa hivi nikiingia tu ananiambia dada peni yako iko wapi.

Na rimu msinunue kwa kusoma pembeni ya pakiti peke yake. Nitawapa siri ndogo ambayo imeniokoa. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80, hizo gramu ni uzito wa mita moja ya mraba, na A4 kumi na sita ndo zinatengeneza hiyo mita moja, kwa hiyo karatasi moja ina gramu 5 na rimu ya karatasi 500 inatakiwa icheze kwenye kilo mbili na nusu. Ikiwa kama kilo mbili na gramu 200 hivi basi hiyo ni ya gramu 70, hata kama pakiti inasema 80. Mie huwa napita nayo duka la mchele jirani na kwetu naiweka kwenye mzani, mwenye duka alishazoea, anasema mteja wangu wa mchele mweupe usiopikika. Gramu 70 si mbaya kwa fotokopi, ila kwa barua nzuri unayotaka mtu aishike aisikie, hapana. Kadi ndo kabisa, kuanzia gramu 200 kwenda juu, chini ya hapo haisimami mezani, inainama kama mtu mwenye homa.

Kukunja nako kuna kwake. Karatasi ina mlalo, nyuzi zake zimelala upande mmoja, ukikunja kufuata mlalo inakunjika laini, ukikunja kukata mlalo inapasuka ule mpasuko mweupe mbaya hasa kwenye manila za rangi. Kujua ni rahisi, shika karatasi uipinde bila kuikunja, upande huu halafu upande ule, ule unaokubali bila ubishi ndo wenyewe. Halafu kabla ya kukunja piga mstari kwa rula na peni iliyokwisha wino. Jamani msitupe peni zilizokufa! Ile ncha ya kijiduara inachimba mfereji kwenye manila bila kuchana, unakunja hapo unapata mkunjo mnyoofu kama wa kadi ya dukani. Mie nina nne kwenye kopo langu, zote hazina wino, na mdogo wangu kila akitaka kuandika namba ya simu anazichukua hizohizo anatukana.

Kilichoniuma zaidi ni kadi za mraba. Binamu yangu alikuwa na shughuli, akaniomba nimtengenezee kadi sitini, na mie kwa kiherehere changu nikazikata mraba, sentimita 15 kwa 15, maana niliona picha mtandaoni nikapenda. Nikamaliza zote, mauamaua, karatasi ya dhahabu pembeni, nikajisifu. Kesho yake nikaenda kutafuta bahasha. Nilizunguka Ngamiani barabara baada ya barabara, nikashuka mpaka karibu na stendi, hakuna duka hata moja lenye bahasha ya mraba, wananiletea zile ndefu za barua za benki, kadi haiingii hata kwa kuomba dua. Nikarudi nyumbani na manila za gramu ndogo nikakesha kukata bahasha sitini kwa mkono mpaka adhana ya alfajiri inanikuta na gundi kwenye nyusi. Kwa hiyo ushauri wa mtu aliyekesha, anza na bahasha ndo uje kwenye kadi. Ukikata A4 vipande vinne sawasawa unapata A6, milimita 105 kwa 148, na hiyo inaingia vizuri kwenye bahasha ya saizi ya C6. Ukitaka kubwa, A4 ikunje katikati inakuwa A5, inakaa kwenye C5. Mambo yameisha, lala.

Kwenye mapambo ndo nina ugomvi na watu. Naona mtu wa Tanga anaagiza kamba ya juti kutoka Dar, kale kakibunda kadogo, analipia na usafiri, ya kufungia kadi na zawadi eti ina muonekano wa asili. Wee unaishi Tanga! Katani imejaa. Mkonge wa nchi hii ulianza hapahapa kwetu, mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida na vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu, kutokana na hivyo 62 ndo yakaanza mashamba ya mkonge ya huku kwetu. Na hata hiyo manila tunayoipenda jina lake limetokana na katani ya Manila, nyuzi za mgomba wa Ufilipino unaoitwa abaka, ndo zilikuwa zinatengenezea karatasi ngumu za aina hiyo zamani. Kwa hiyo kadi ya manila iliyofungwa kwa katani ni ndugu wawili wamekutana.

Kamba nyembamba ya katani nenda duka lolote la kamba na ndoo, omba mita mbili tatu. Itakuwa nene kwa kadi, basi ifumue, utakuta imesokotwa kwa nyuzi mbili au tatu, chukua mmoja mmoja. Inakwaruza kidogo na ina vishungi, ipitishe haraharaka juu ya mshumaa, vile vinyuzi vinaungua inabaki safi, ila uwe na maji karibu, katani haina mchezo na moto. Ukitaka rangi tafuta zile rangi za unga wanazochemshia ukili wa mikeka, wamama wanaosuka wanajua zinakouzwa, kakijiko kadogo kwenye maji yanayochemka, tumbukiza katani, koroga, toa, anika kivulini. Mie nilipata zambarau moja nzuri sana ambayo sijawahi kuiona dukani. Nilipata na sufuria ya zambarau pia, ya bi mkubwa, na mpaka leo wali ukiungua kidogo ananiuliza kama nimepika rangi humo. Tumieni kopo la maziwa.

Washi tepu nazipenda, sitadanganya. Ni tepu za Kijapani za karatasi zenye michoro, unachana kwa mkono bila mkasi, unabandika, ukikosea unabandua. Na nilifurahi nilipojua kwamba Kamoi Kakoshi, kampuni iliyozipa umaarufu, ilianza mwaka 1923 ikitengeneza karatasi za kunasia nzi. Nzi! Ila hapa kwetu zina tatizo, joto likipanda gundi yake inateleza, unaamka asubuhi pambo lako limehama. Kwa kadi ya kupeleka leo sawa, kwa kitu cha kukaa ukutani tia tone la gundi nyeupe chini yake. Na gundi ya uji wa ngano tuliyokuwa tunatumia shuleni kufunikia madaftari kwa magazeti na kalenda za mwaka jana, naikumbuka kwa mapenzi lakini siirudii, niliwahi kubandikia kadi kumi za Idi nikaziweka mezani, mende wakafanya Idi yao kabla yetu.

Kutunza basi, maana hata ukitumia haraka lazima kitu kikae wiki mbili tatu. Makopo ya biskuti yenye mfuniko unaobana, ndo kabati langu. Ndani natupia vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vimeandikwa usile, vinanyonya unyevu, nikivikosa nafunga mchele kwenye kitambaa. Usiweke chini sakafuni wala usiegemeze ukutani kwenye ukuta unaotoa jasho. Peni za jeli zilaze, usizisimamishe ncha juu. Na hili la mwisho ni la sie wa pwani, ukishajipaka mafuta ya nazi usiandike kwanza. Pale mkono ulipolala karatasi inashika mafuta, peni ikifika hapo inaruka, unadhani peni mbovu unaitupa. Weka kikaratasi chini ya kiganja uandike kwa amani.

Mtu ataniuliza sasa daftari zuri unaanzaje, mbona mkono unatetemeka kuchafua ukurasa wa kwanza. Mie siku hizi nachafua makusudi nikiwa bado dukani. Nalipa, nafungua, naandika bei na tarehe na nilichokula siku hiyo kwa mwandiko mbaya kabisa, nikifika nyumbani lilishakuwa daftari la mtu. Nililonunua baada ya lile la maua lina jalada la kitambaa chekundu, ukurasa wa kwanza umeandikwa "elfu saba na mia tano, chapati mbili na maharage". Baada ya hapo humo kuna kila kitu, bei za vitunguu, barua nilizoandika nisizotuma, mchoro wa geti ambao mteja alinichorea nikakataa kuuchana, na kurasa nne nimezichana kwa ajili ya shangazi.

Shangazi yangu yuko Pangani, simu anayo lakini haoni vizuri maandishi ya kwenye kioo. Basi namuandikia kwa herufi kubwa, peni nyeusi, nafunga na uzi wa katani ya zambarau, nampa kondakta wa gari la asubuhi ninayemfahamu. Shangazi hajibu kwa barua, anapiga. Anaanza kwa kunisomea barua yangu mwenyewe yote mpaka mwisho, na mie nakaa kimya nasikiliza, halafu anasema, "Uzi nimefungia pazia. Ukiandika tena weka mrefu."

Kwa hiyo Jumamosi natoka mapema, natafuta mita tano za katani na mkasi mpya, huu wa sasa umeanza kutafuna manila badala ya kukata.